Mpangaji Auliza: Kichwa Kimoja Shilingi Mia Tano

Barua za mara hii zimetoka Malindi na Lamu, na baadhi zinalalamikia kujazana. Majibu yanafuata sheria za Kenya. Majina ya waulizaji tumeyaficha, maana wengi bado wanaishi humo humo.

*Sisi ni wafanyakazi wa hoteli. Tumekodi chumba cha kumi kwa kumi huku Barani, Malindi, kwa shilingi 4,500. Tulianza wawili. Msimu ulipolala na hoteli kupunguza watu, tukawapokea wenzetu, sasa tuko watano. Mwenye nyumba anasema kila kichwa kilichozidi kilipe 500 juu. Ploti nzima ina vyumba kumi na choo kimoja. Ana haki hiyo? Au sisi ndio wakosa?*
Watano wa Barani

Ndugu zetu, kosa mnalo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mpangaji asimpangishie mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Lakini sheria hiyo hiyo imembebesha yeye mzigo mkubwa zaidi. Chumba anachokodisha kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kibaki hivyo muda wote wa upangaji. Paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka na sehemu mnazotumia kwa pamoja katika ploti ni juu yake kuzitengeneza.

Kuhusu hizo mia tano: makubaliano ya mdomo ni halali kwa upangaji usiozidi miaka miwili, kwa hiyo 4,500 mliyopatana ndiyo kodi yenu. Akitaka kuibadilisha awape notisi. Mkiwa mnalipa kwa mwezi, notisi ya kuvunja upangaji haipungui mwezi mmoja, na ndiyo nafasi yenu ya kujadiliana. Mkikubali kulipa, msilipe mkononi. Tumeni kwa M-Pesa, kisha mdai risiti yenye majina ya wote watano. Akishaipokea pesa ya kichwa cha tano, hawezi kesho kuwatoa kwa hoja kwamba hakujua mko watano.

Sasa jambo lenyewe. Chukueni utepe mpime. Kumi kwa kumi ni futi 100 za mraba, yaani kama mita 9.3 za mraba. Gawanyeni kwa watano, mnapata mita 1.86 kila mmoja, kabla ya kuweka kitanda, ndoo na begi. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kupanga kambi za wakimbizi, vinataka angalau mita 3.5 za mraba kwa mtu, na choo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 20. Ploti yenu ikiwa na watu watatu tu kila chumba, choo chenu kina watu 30. Hicho ni kipimo cha dharura, cha watu waliokimbia mafuriko au vita, na ninyi mnakilipia kodi mkiwa hamjakifikia.

Madhara yake yanajulikana. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba chenye dirisha moja linalofungwa usiku kwa kuogopa wezi au mbu huihifadhi hewa hiyo kwa muda wa saa nane nzima. Akiwepo anayekohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe; vipimo na matibabu ni bure katika hospitali za serikali. Upele nao hautibiki kwa mtu mmoja mmoja. Wote watano mpake dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji moto siku hiyo hiyo, la sivyo utakuwa unazunguka baina yenu. Na jiko la mkaa lisilale ndani hata likionekana limezimika. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na watu watano katika chumba kilichofungwa hawaamki.

Njia ya kisheria ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Nyumba iliyojazana kupita kiasi, isiyo na hewa au mwanga wa kutosha, au yenye choo kinachohatarisha afya, inahesabiwa kuwa kero, na afisa wa afya ya umma ana uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi ya kuiondoa. Akikaidi, anapelekwa mahakamani. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: mtaa na alama ya ploti, idadi ya vyumba, idadi ya watu kwa kila chumba, idadi ya vyoo, choo kilijaa lini na mlimwambia lini. Bandikeni picha. Chapisheni nakala mbili, moja iachwe ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Iwe na sahihi za vyumba vingi, kwa sababu anayetia sahihi peke yake ndiye anayefukuzwa peke yake.

Tahadhari moja, na hii watu huiruka. Afisa akiona jengo limeharibika kupita kiasi, hatua inaweza kuishia kwa nyumba kufungwa, nanyi mkajikuta nje. Kwa hiyo barua iombe kitu mahususi: choo cha pili, shimo kunyonywa, madirisha kuwekewa wavu ili yaweze kulala wazi. Na ninyi wenyewe mjipange kupungua hadi watatu, kwani madai ya kujazana hayasimami vizuri mdomoni mwa aliyejijaza.

*Assalamu alaykum. Nakaa nyumba ya mawe huku Langoni, Lamu. Mwenye nyumba ameigawanya misana (zile kumbi ndefu za ndani) kwa plaiwudi akapata vyumba sita, na juu ameweka tangi la maji la lita 1,000. Dari linamwaga vumbi la chokaa kitandani kwangu. Nikimwambia, ananambia nyumba ina miaka mia mbili na haijaanguka.*
Mama wa Langoni

Wa alaykum salaam, mama. Hamisha kitanda leo. Mengine yafuate.

Dari la nyumba yako limebebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita tatu: boriti haivuki zaidi ya hapo. Dari hilo ni zito lenyewe kabla hujaliwekea kitu. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na zimesimama mahali pamoja. Haya, umri wa nyumba si dhamana. Miaka mia mbili hiyo hapakuwa na tangi juu wala familia sita chini.

Boriti haianzi kuoza katikati, huanzia kichwani, pale inapoingia ukutani, kwa sababu ndipo unyevu unapokaa na mchwa wanapopita. Chukua tochi uangalie mambo manne. Je, kuna mstari wa udongo wa mchwa ukutani chini ya boriti? Ukigonga ncha ya boriti kwa mpini wa kisu, inalia kavu au inalia kama mti wenye uwazi? Kuna ufa unaofuata boriti moja kwa urefu? Kuna doa la maji chini ya tangi au chini ya choo cha juu? Funga uzi ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta, chini kidogo ya boriti, upige picha, na baada ya wiki upige tena hapo hapo. Nafasi baina ya uzi na boriti ikipungua, boriti inainama, na hapo msilale chumba hicho wala cha chini yake.

Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba hizi hazibadilishwi ovyo. Ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini ina watu wanaozijua boriti na chokaa. Peleka malalamiko huko na kwa afisa wa afya, barua mbili, maneno yale yale. Ukarabati ukianza, kataa saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Chokaa inaacha ukuta upumue. Saruji inafungia unyevu ndani, na unyevu huo ndio unaorudi kwenye vichwa vya boriti.

Zile plaiwudi nazo si jambo dogo. Zimekata njia ya upepo kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani, na moto ukiwaka zinashika upesi. Mwambie angalau aache nafasi wazi ya futi mbili juu ya kila kiambaza cha plaiwudi, na njia ya kutokea isizibwe na mitungi wala vitanda. Na kama nyumba ina kisima karibu na shimo la choo, maji yake ni ya kuogea. Ya kunywa yachemshwe.

*Nimehama Muyeye. Nilitoa miezi miwili ya amana, shilingi 9,000. Dalali ananizungusha, anasema imeliwa na rangi.*
Kijana wa Muyeye

Rangi iliyochakaa kwa kukaa tu si uharibifu wa mpangaji. Amana inakatwa kwa kitu ulichovunja au kodi unayodaiwa, na anayekata aonyeshe risiti ya fundi. Mwandikie mwenye nyumba mwenyewe, si dalali, umpe siku 14, ukitaja tarehe uliyolipa na namba ya ujumbe wa M-Pesa. Zikipita, nenda masjala ya mahakama Malindi uulize kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Wanaoshindwa huko huwa ni wale waliolipa mkononi na hawakupiga picha za chumba siku ya kuingia.

*Nalipa shilingi 2,000 kwa chumba Kisumu Ndogo. Nilichelewa miezi miwili, nikarudi nikakuta kufuli jipya na vyombo vyangu ndani. Ataka kuviuza.*
Mjane, Malindi

Dada, pole sana. Hana ruhusa hiyo. Kwa kuwa kodi yako haizidi 2,500, unalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Upangaji wa namna yako hauvunjwi bila amri ya baraza lililowekwa na sheria hiyo, kodi haipandishwi kiholela, na hata kushika mali kwa ajili ya deni kunahitaji ruhusa ya baraza. Kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai.

Nenda kituo cha polisi ukiwa na shahidi, uandikishe kwenye daftari la matukio (OB) na upewe namba yake. Taja vitu vilivyomo kimoja kimoja, dawa na nguo za watoto kwanza. Kisha kwa chifu, na barua. Usivunje kufuli mwenyewe, maana hapo atakugeuzia kesi. Deni lakini lipo: toa pendekezo la maandishi, mathalani 1,000 kila wiki mbili juu ya kodi ya mwezi, na uanze kutuma pesa hizo hata kabla hajajibu.

*Vyumba vitatu tunatumia mita moja ya umeme wa tokeni, kila mwezi ni ugomvi.*
Shella, Malindi

Mwekeeni kila chumba mita ndogo, ifungwe na fundi mwenye leseni. Ujumbe wa tokeni huonyesha pesa na yuniti mlizopata. Gawanyeni pesa kwa yuniti mpate bei ya yuniti moja ya tokeni hiyo, halafu kila chumba kilipe yuniti zake kwa bei hiyo. Bei hubadilika, kwa hiyo msitumie ya mwezi uliopita. Someni mita zote tatu pamoja, jioni moja, na muandike daftarini mbele ya wote. Taa ya uani na pampu zigawanywe sawa kwa tatu. Mwenye friji asidai kugawana sawa.