Sala yangu imekauka tangu nianze kuwalea wanafunzi

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni mwalimu mlei, si padri wala mtawa, katika skuli ya Kikatoliki mjini Unguja, na huu ni mwaka wa pili tangu nilipoombwa kumsaidia kapelani, ambaye kwa kuwa ana parokia yake hufika kwetu mara mbili tu kwa wiki. Wanafunzi wetu wengi ni Waislamu. Wenzao Wakatoliki wakikusanyika kusali siku ya Ijumaa mchana hawajazi hata mabenchi matatu. Kutwa nashughulika na mambo ya watoto: huyu kafiwa, yule wazazi wake wameachana, mwengine karudishwa nyumbani kwa ada. Nikifika kwangu jioni rozari inanishinda, nasinzia kabla ya tendo la pili kati ya yale matano. Nilidhani kazi hii ingenikuza kiroho, nami naona nakauka. Je, niiache?
Mwalimu, Unguja

JIBU: Milele, amina. Nianze na jina la kazi yenyewe, maana linawatatiza wengi. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 564, humwita kapelani padri aliyekabidhiwa kwa namna ya kudumu uchungaji wa jumuiya au kundi fulani la waamini. Kwa hiyo kuungamisha na kuadhimisha Misa ni kazi yake. Kumsikiliza mtoto aliyefiwa ni kazi ya kila mbatizwa, na hapo wewe si kibarua wa kapelani.

Barua yako inaweka sala upande mmoja na watoto upande mwengine, kana kwamba kila dakika unayompa mtoto umemnyang'anya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, katika hati yake juu ya mapadri ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba padri huufikia utakatifu kwa kuitenda huduma yake katika Roho wa Kristo, na kwamba kinachoyaunganisha maisha yake ni mapendo ya kichungaji. Hati hiyo iliandikiwa mapadri, lakini sioni kwa nini mlei anayefanya uchungaji asiishike. Francis Libermann, padri Mfaransa ambaye wanawe wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, miaka 11 baada ya kifo chake, aliuita mwenendo huo muungano wa vitendo: kukaa na Mungu ndani ya kazi iliyo mkononi. Hakusema, hata hivyo, kwamba kazi inatosha bila ya sala, na wanaomtumia kujitetea kwa uvivu wao wanamsingizia.

Nami niliwahi kuwa kapelani kijana katika skuli moja ya Pemba, na kosa langu lilikuwa daftari. Kila wiki niliandika idadi ya waliohudhuria sala: 14, kisha 11, kisha 9, na moyo wangu ukashuka pamoja na namba. Siku moja alasiri mvulana Muislamu wa kidato cha pili, ambaye hitima ya baba yake ilikuwa imesomwa juzi yake, aliingia ofisini akakaa. Nikaanza maneno ya kumliwaza, mengine ya kitabuni. Akaniambia kwa adabu, "Padri, samahani, usiseme kitu. Nataka kukaa tu." Tukakaa. Ilipoadhiniwa alitoka, akavua viatu, akatia udhu kwenye bomba la uani, akasali nyuma ya darasa, kisha akarudi kuchukua mkoba wake na kuniaga. Kitabu changu cha Masifu, sala ambazo padri husali kila siku, kilikuwa juu ya meza tangu asubuhi, nacho sikuwa nimekifungua. Nikakifungua. Lile daftari sikuliandika tena.

Kwa hiyo mabenchi matatu yasikusumbue. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso ulitoa siku moja tamko juu ya malezi ya Kikristo na tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, ambalo linasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima; na kanuni ya 748 inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuingia imani ya Kikatoliki kinyume na dhamiri yake. Mtoto wa Kiislamu anayekuja kwako hajaja kuhesabiwa.

Sasa huo ukavu. Kusinzia kwenye rozari baada ya kusimama darasani kutwa ni uchovu, si dhambi, wala usiende kuuungama. Ihamishe: tendo moja asubuhi ndani ya daladala, na mengine yasubiri Jumamosi. Kabla ya kutoka skuli, kaa dakika tano katika darasa tupu, uzipitishe sura za siku hiyo moja moja mbele ya Mungu, huku ukijiuliza wapi ulisikiliza kweli na wapi ulijibu ili mtu aondoke. Ni njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola iliyofupishwa, na kwa mwalimu naiona inafaa kuliko kitabu kikubwa cha tafakari.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba umebeba kila kitu. Ada ni mzigo wa uongozi wa skuli. Mpeleke mtoto huko, umwombee, uuache. Tena usimwahidi mwanafunzi siri isiyo na mpaka, kwa kuwa muhuri wa kitubio, yaani wajibu wa kutofichua kamwe yaliyoungamwa, ni wa padri aungamishaye, na wewe ukiambiwa kwamba mtoto anadhuriwa unalazimika kusema kwa wanaoweza kumlinda. Siri za namna hiyo zikikaa peke yake kifuani mwa mtu, zinamnyima usingizi na sala pia.

Usiiache kazi kwa sasa. Lakini umetumia miaka miwili ukiwasikiliza wengine, na katika barua nzima hukumtaja hata mtu mmoja anayekusikiliza wewe. Kapelani atakapofika wiki hii, kabla hajakaa kuungamisha wanafunzi, mwombe nusu saa yako.