Mikono midogo, tena mkono wa kushoto: nichukue bastola ipi?

SWALI: Nimeshapata idhini ya kumiliki bastola hapa Kenya, kilichobaki ni kuchagua. Walionitangulia kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia Glock 19, mwingine CZ 75 B, ile Ceska ya chuma, kwa kuwa haipigi teke sana. Muuzaji naye anasema mwanamke mwenye mikono midogo kama yangu achukue Glock 43. Natumia mkono wa kushoto. Nimsikilize nani?
*Msomaji wa kike, Nakuru*

JIBU: Dada, usimsikilize yeyote kabla hujazishika zote tatu. Cheti huandikwa kwa silaha maalumu, kwa hiyo ukijuta baadaye kuna mlolongo wa makaratasi.

Anza dukani, bila risasi. Toa magazini (kasha la risasi lililo ndani ya mpini) kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma na kuizuia hapo. Tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kisha ipapase kwa ncha ya kidole. Mpangilio huo haugeuzwi: ukivuta slaidi (ndiko kukoki) huku magazini ingali ndani, unatoa risasi moja na kupakia nyingine. Hata muuzaji akiapa kwamba ni tupu, kagua mwenyewe, na mtutu uelekee mahali salama muda wote.

Sasa ishike. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa mgongoni mwa mpini, na mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Bila kugeuza mpini kiganjani, weka kidole cha shahada kwenye triga. Katikati ya pingili ya kwanza panapaswa kukaa katikati ya triga. Ikiwa ncha tu ndiyo inayofika, mpini ni mnene kwako. Utajikuta unauzungusha mpini ili kidole kifike, na teke lote litaangukia kwenye shina la gumba badala ya kiganja. Halafu kidole kinasukuma triga kando badala ya kuivuta nyuma, na kwa mtu wa mkono wa kushoto risasi mara nyingi zitakwenda kulia. Watu wengi wanaodhani kilengeo chao kimepinda, tatizo lao ni hilo.

Hapo ndipo CZ 75 B inapokuangusha. Ni bastola nzuri, na uzito wake wa karibu kilo moja kweli unatuliza teke. Lakini nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi itoke, ikiwa chini, triga yake hukaa mbele sana, na mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, zaidi ya kilo 4. Kuanzia risasi ya pili triga iko nyuma na ni nyepesi. Kidole kifupi kinateseka kwenye ule wa kwanza, ambao ndio muhimu kuliko yote. Utaambiwa uibebe nyundo ikiwa imekokiwa (imevutwa nyuma) na sefti, yaani kifungio cha usalama, imefungwa, lakini sefti ya B iko upande wa kushoto wa bastola tu, mahali ambapo gumba la mtu wa mkono wa kulia ndilo linalofika. Wewe utalazimika kubadili mshiko ili uifungue. Tena B haina kitufe cha kuteremsha nyundo. Kuiteremsha risasi ikiwa chembani ni kuizuia kwa gumba huku unavuta triga, na gumba likiteleza, risasi inatoka. Toleo la BD lina kiteremsha nyundo, ila nacho kiko upande huohuo wa kushoto.

Glock 43 nayo ina mtego wake. Bastola ndogo imetengenezwa ili ifichike, na urahisi wa kuipiga ni jambo jingine. Ina gramu 460 hivi bila magazini na inabeba risasi 6 za milimita 9 (9x19), risasi zilezile za Glock 19. Uzito ukipungua, teke linaongezeka. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho mara nyingi kinaning'inia. Slaidi ni fupi na springi ni kali, kwa hiyo kuikoki ni kazi. Ukipenda wembamba wake, jaribu 43X: slaidi ni ileile, lakini mpini ni mrefu zaidi na risasi ni 10.

Kuhusu kukoki, kabla hujasema huna nguvu, usiminye slaidi kwa vidole viwili. Ifunike kwa kiganja kizima cha mkono wa kulia, bastola iwe karibu na kifua, mtutu mbele, kisha mkono wa kushoto usukume bastola mbele huku wa kulia ukibaki imara. Kidole kiwe nje ya triga. Ikikushinda hata hivyo, hiyo si bastola yako.

Kisha nenda uwanja wa shabaha na risasi 50 kwa kila bastola, mita 7. Piga tano tano, polepole, na uhesabu zile kumi za mwisho, mkono ukiwa umechoka. Usishangilie tundu moja zuri. Angalia kama baada ya kila risasi unahitaji kurekebisha mshiko. Ukihitaji, mpini haukufai. Ganda tupu la risasi iliyopigwa likikwama wima kwenye mlango wa slaidi, usikimbilie kulaumu risasi. Bastola hizi hutegemea mpini utulie wakati slaidi inarudi nyuma. Kifundo kikilegea, vyote viwili vinarudi pamoja na slaidi haimalizi safari yake. Na slaidi isipobaki nyuma magazini ikiisha, tazama magumba yako: yumkini moja linakalia kizuia slaidi.

Kwa maelezo yako, ningeweka mezani Glock 19 ya kizazi cha 5 (toleo la tano) na CZ P-10 C, ya kampuni ileile ya CZ 75. Zote mbili hubeba risasi 15, mvuto wa triga ni uleule toka risasi ya kwanza, na kizuia slaidi kiko pande zote mbili. Mgongo wa mpini hubadilishwa. Uache mpini uwe mwembamba kabisa kabla ya kupima. Kwenye Glock kitufe cha magazini huhamishwa upande wa kulia ili gumba lako likifikie, na muuzaji anaweza kukuhamishia mkiwa palepale. Zikikushinda kwa unene, rudi kwenye 43X.

Jambo moja kuhusu Glock na P-10 C: kwa kawaida hazina sefti ya kufungwa kwa gumba. Ulinzi wake mkuu ni kidole chako na ala, yaani mfuko wa kubebea bastola. Kwa hiyo bei ya ala ngumu inayofunika triga yote, ya mkono wa kushoto, iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Ala laini hujikunja mdomoni, na kamba ya koti au pindo la nguo likiingia pamoja na bastola, linaweza kuvuta triga. Rudisha bastola alani polepole huku unatazama. Mkoba wa mkononi wenye funguo na kalamu ndani yake hauwezi kuwa ala.

Na kabla ya kulipa, ifungue bastola mwenyewe, utoe slaidi kama unapoisafisha, mbele ya muuzaji. Glock na P-10 C hudai uvute triga ndipo slaidi itoke, kwa hiyo ukaguzi ule wa chemba unaufanya tena, kila mara, kabla ya kusafisha.