Kuhusu ile D+ ya mume wangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema shule imekutumia matokeo kwa simu, mume wangu, huyo mjukuu wangu, amepata D+, ameingia hapo kwako Migosi na sanduku lake, na leo ni siku ya tatu hajataja lolote. Unauliza umwambie umeyaona, au usubiri aseme mwenyewe.

Mimi nauliza, amekula?

Usicheke. Unajua ninavyosema: ripoti fomu husomwa baada ya chakula. Nyinyi mlidhani nililitoa kanisani neno hilo. Nililitoa kwako, 1997, ukiwa darasa la saba.

Uliileta ile ripoti, Hisabati 88. Mimi niliachia darasa la tano, lakini namba nilizijua, viazi vilinifunza. Kiingereza cha mwalimu pale pembeni sikuhangaika nacho. Kesho yake nikaibeba hadi soko la Wakulima, nimeifunga kwenye leso, na kila aliyeinama kuchagua viazi nikamwonyesha. Themanini na nane! Mama wa vitunguu akasema huyu ni daktari kabisa. Ndipo akaja mteja mmoja, naye ni mwalimu. Akaitazama, akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini mbona mtoto wa 88 ameandikiwa kuwa ni dhaifu mno. Halafu akaniwekea kidole kwenye wino. Ile 8 ya kwanza, upande mmoja buluu, upande mwingine mweusi. Ilikuwa 38. Alijitahidi kunisitiri, Mungu ambariki, lakini wenzangu walikuwa wameshanyamaza wote.

Siku hiyo niliuza viazi bila kuhesabu chenji. Nilipofika nyumbani Langalanga sikukuuliza neno. Yaliyofuata unayajua, na ploti nzima inayajua. Babako ndiye aliyenishika mkono. Usiku ule sahani yako ilikaa imefunikwa mpaka asubuhi, ugali umekauka kama sabuni. Hiyo sahani ndiyo hunirudia mpaka leo.

Lakini tuseme ningenyamaza? Ungejua kuwa mama anadanganyika, basi. Hapana, haki ya kukuadhibu nilikuwa nayo. Ila si 38 niliyokupigia, wala si uongo. Nilikupiga kwa sababu ya mama wa vitunguu. Na kila jioni nilikuwa nikiimba kwamba mtoto wangu hatauza viazi. Mtu kama huyo ungemwambiaje 38?

Huyu wako hana hata nafasi ya kugeuza 3 iwe 8. Simu yako ilijua kabla hajafika steji. Naona ni kama mmemnyang'anya ile safari ya kutoka shule mpaka mlangoni, ya kupanga maneno kichwani. Ingawa wewe safari yako uliitumia kutafuta kalamu nyeusi, kwa hivyo pengine simu ni nafuu. Sijui.

Hofu yako naielewa. Darasa lao ndilo lililofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, 2023, nyuma yao wote ni watoto wa CBC, mtaala mpya, na KCSE yao, mtihani wa kidato cha nne, ni 2027. Unaona C+ ya kuingia chuo kikuu inamkimbia na njia inafungwa. Hiyo hofu ni yako, mama, usimpakulie pamoja na ugali. Ripoti fomu husomwa baada ya chakula.

Sasa useme au usubiri? Nyumba ni yako na mumeo, mtoto ni wenu, mimi siingii hapo. Ningekuwa mimi ningesubiri mpaka Jumapili, isizidi, halafu ningeanza na ile 38 yako, maana nina hakika hajawahi kuisikia. Lakini nimesema siingii.

Ripoti yenyewe ninayo, iko ndani ya sanduku la marehemu babako pamoja na kadi zenu za ubatizo. Akija Nakuru likizo hii naweza kumwonyesha, ukiniruhusu. Wino wa mwalimu umefifia, ni wako tu ndio ungali unaonekana vizuri.

Mamako