Sista Anajibu: Nani anamtazama anayemtazama mgonjwa?

Toleo lililopita niliandika juu ya tiba shufaa, huduma ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena lakini maumivu yake yanatulizika. Nilitegemea barua za wagonjwa. Nyingi zimetoka kwa watu wanaojitolea kuwatembelea majumbani. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wameuliza jambo hilohilo.

Shikamoo Sista. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea huku Lushoto, Waislamu kwa Wakristo. Tunawatembelea wagonjwa wa saratani na wengine waliorudishwa nyumbani. Tulipata semina ya siku tano, watu kumi na wanane, tukapewa na vyeti. Mwaka haujaisha tumebaki saba. Wengine wanasema wanaogopa, wengine nauli, wengine hawasemi kitu, hawaji tu. Tukipata watu wapya tuwafundishe nini ili wadumu?

Marahaba, mwanangu. Hao kumi na mmoja usiwaite wavivu. Mtu amekaa siku tano kwenye benchi akisikiliza habari za kufa, kisha akapelekwa peke yake kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, kidonda kinatoa damu na watoto wanamtazama mgeni afanye nini. Angekimbia hata mwenye moyo wa chuma.

Kazi hii niliijua miaka ile UKIMWI ulipojaa majumbani, kabla serikali haijaanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Wodi hazikutosha, wagonjwa wakarudi nyumbani, na walioosha na kulisha walikuwa majirani na watu wa jumuiya. Waliodumu ni wale waliokuwa na mtu wa kuwauliza jioni, "Leo umemkutaje?" Waliokosa wa kuwauliza waliondoka mmoja mmoja, hata wale hodari. Kwa hiyo nitakujibu muwafundishe nini, lakini nusu ya jibu ni nani atawatazama hao watazamaji.

Maneno ya ukumbini yawe ya siku mbili: ugonjwa wenyewe, kuzuia maambukizi, kutunza siri, na mipaka ya mtu wa kujitolea. Siku zinazobaki ziwe za mikono. Tandikeni mkeka, mmoja alale, wawili wamgeuze. Wajifunze kumsogeza kwa kanga iliyopitishwa chini yake, kwa sababu kumburuta kunamchubua. Wajue kwamba asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kila akigeuzwa watazame visigino, nyonga na mwisho wa mgongo. Ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au iliyokuwa ngumu kuliko sehemu nyingine, hapo kidonda kinaanza.

Zoezi moja sikubali liachwe. Kila mwanafunzi alishwe uji na mwenzake. Mara ya kwanza mlishaji asimame, azungumze na mtu mwingine, kijiko kifuate kijiko. Mara ya pili akae macho yao yalingane, amwonyeshe kijiko, asubiri ameze ndipo achote kingine. Nimeona mwanamume mtu mzima akifuta machozi baada ya ile mara ya kwanza. Hakuna mhadhara unaofikisha jambo hilo hivyo.

Halafu kuna harufu, ambayo semina nyingi huona haya kuitaja. Kidonda cha saratani kilichofumuka kinanuka, na mgonjwa anajua. Ukiingia anatazama pua yako. Wafundishwe mapema kwamba kidonda kile hakisuguliwi. Kinaoshwa taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Muuguzi akielekeza, vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, vinasagwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda, na baada ya siku chache harufu inapungua sana. Sahani ya mkaa usiowashwa chini ya kitanda na dirisha lililo wazi vinasaidia. Anayejua la kufanya hakunji uso, na uso huo mgonjwa anaukumbuka wiki nzima.

Maumivu yapimwe kwa vidole. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yale yasiyovumilika. Mhudumu aandike kwenye daftari, na vikifika vitatu ampigie muuguzi siku hiyohiyo, asingoje zamu yake ya wiki ijayo. Na wajue dalili za siku za mwisho: mgonjwa anakataa chakula, analala muda mrefu, pumzi zinakoroma. Familia itataka kumlazimisha uji. Hapo mhudumu awasaidie kuelewa kwamba mwili hauhitaji tena, mgonjwa alazwe ubavu, midomo iloweshwe kwa kitambaa safi.

Semina ikiisha, mtu asiende peke yake. Aambatane na mzoefu kwa mgonjwa yuleyule mpaka familia imzoee, na hata akishakomaa waende wawili wawili. Ninyi mko jirani na Muheza, ambako Hospitali Teule ilijenga huduma ya hospisi, yaani ya kuwatunza wasiopona tena, na ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Pigeni hodi kule, ombeni wawili wenu wakae na wauguzi wanaoijua kazi hiyo. Na usimpokee aliyezika mume au mama yake juzi. Anakuja kwa nia njema, lakini kila kitanda atakachokikuta ni kile cha kwao. Mpe kazi ya daftari au ya kukusanya sabuni mpaka mwaka upite.

Sasa kuwatunza. Nauli kwanza, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapowaonea watu. Kupanda kwa bodaboda hadi Mlalo au Mtae ni fedha nyingi kwa mama anayeuza mboga. Yeye ametoa muda wake na mgongo wake. Nauli, glavu, sabuni, jiki, gozi za kufungia vidonda na tochi ni juu ya kikundi. Kama fedha za kikundi hazitoshi wagonjwa ishirini, chukueni wanane. Na iwe sheria kwamba mhudumu hatoi hela yake nyumbani kwa mgonjwa. Akikuta hakuna unga, anakuletea wewe katibu habari, na msaada unatoka kwa jina la kikundi. Bila sheria hiyo atatoa leo, atatoa kesho, siku hana kitu ataona aibu kwenda, na hapo umempoteza. Wasipokee zawadi kubwa, wala wasiwe mashahidi wa wosia.

Kila mwezi mkae na muuguzi. Saa ya kwanza ni ya wagonjwa, saa ya pili ni ya wahudumu wenyewe, na hiyo ya pili msiile kwa taarifa za mapato na matumizi. Kila mtu aseme kilichomlemea. Wengine watanyamaza mara ya kwanza na ya pili, waacheni. Mhudumu asibebe zaidi ya wagonjwa watatu. Mgonjwa akifariki, aliyekuwa akimhudumia apumzike kwanza.

Kuhusu dini, kwa kuwa mko mchanganyiko: hakuna kuhubiri kitandani. Familia ya Kiislamu itataka mgonjwa wao aelekezwe kibla na kutamkishwa shahada. Mkristo atataka padri au mchungaji. Kila mhudumu awe na namba za simu za wote.

Wale walionyamaza na kutokuja, nenda kwao. Usiende kuwarudisha. Nenda kuwauliza ilikuwaje.

Shikamoo Sista. Nina miaka 24, najitolea Arusha. Mzee ninayemtembelea ana saratani ya njia ya chakula. Wanawe wamenikataza kumwambia hali yake. Juzi ninamnyoa ndevu akaniuliza, "Kijana, mimi nitapona?" Nikamjibu, "Mungu yupo mzee, utapona." Tangu siku hiyo hasemi nami kama zamani. Nifanye nini?

Marahaba. Mzee alikuchagua wewe amuulize, na hiyo ni heshima kubwa. Wanawe wanamjibu kwa kumpenda, daktari anamjibu kwa haraka. Akawaza, "Kijana huyu anayenishika shavu kila wiki, pengine yeye ataniambia." Ukamfungia mlango, akanyamaza.

Kumtangazia mgonjwa hali yake ni kazi ya daktari au muuguzi wake, na usiichukue. Lakini uongo nao hautakiwi. Safari ijayo mwambie, "Mzee, siku ile uliniuliza jambo nikakujibu upesi. Leo nimekuja kukusikiliza." Weka wembe chini, vuta stuli, umuulize, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Mara nyingi mgonjwa anajua. Anachotafuta ni mtu wa kuzungumza naye juu ya shamba ambalo halijagawanywa, au mtoto waliyekosana, au mahali anapotaka azikwe. Usihitimishe mazungumzo kwa ushauri.

Wanawe usiwapinge wala usiwafiche. Mweleze muuguzi anayekusimamia kwamba mzee ameanza kuuliza, aombe kikao na familia, na awepo baba mkubwa au yeyote ambaye neno lake linasikika pale. Muuguzi awaulize swali hili moja: "Mzee akitaka kuagana nanyi, mtampa nafasi gani kama hamjakubali kwamba anaondoka?" Nimeona familia ngumu zikilegea kwa swali hilo. Nyingine hazikulegea. Hata hapo wewe endelea kumnyoa na kumsikiliza.

Bibi, shikamoo. Nahudumia mama mmoja Likoni, Mombasa. Hospitali imempa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Mumewe ameificha kwa sababu majirani wamemwambia ni dawa ya kumaliza watu, na kwamba mkewe atageuka teja. Mama analia usiku kucha. Nimpe kwa siri?

Marahaba mjukuu wangu. Usimpe kwa siri. Ukigunduliwa, mume atafunga mlango kwako, kwa hospitali na kwa kila atakayekuja baada yako. Lakini pia usiache wiki ipite. Mpigie muuguzi leo, mwende pamoja kwa mume.

Hofu yake ina asili yake. Zamani mofini ilitolewa mtu akiwa anakata roho, basi watu waliona chupa, kisha jeneza, wakaunganisha. Ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, na kwa maumivu ya saratani imetumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha hospisi Kampala, dawa hiyo ikiwa ndiyo msingi wa kazi. Uganda iliiamini kiasi kwamba mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo wenyewe. Mweleze mume hayo. Mweleze pia kwamba teja hutafuta ulevi, naye mkewe anatafuta usingizi, na kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya kweli anayepewa kwa kipimo ni nadra sana kuingia kwenye uraibu huo.

Mambo ya vitendo. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, usingoje maumivu yarudi, na mara nyingi dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Lakini fuateni kilichoandikwa kwenye chupa yake. Siku za mwanzo atasinzia na huenda akasikia kichefuchefu, hayo hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende sambamba tangu siku ya kwanza. Ukimkuta haamshiki au anapumua kwa shida, piga simu kabla ya dozi nyingine. Wewe huongezi wala hupunguzi. Chupa ikae juu, mbali na watoto, na ikibaki baada ya yote irudishwe hospitali.

Dozi ya kwanza muuguzi amwachie mume ampimie mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Akiona amelala usiku mmoja, majirani hawatakuwa na la kumwambia.

Sista shikamoo. Mgonjwa wangu alifariki mwezi uliopita. Nilimwogesha kwa muda mrefu. Msibani nilikaa nyuma na majirani, hakuna aliyenipa pole maana mimi si ndugu. Usiku nashtuka nikidhani ananiita. Kikundi kimeshanipa mgonjwa mwingine na ninaogopa kukataa. Temeke.

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Ni msiba wako pia. Mwili ulioujua kwa mikono yako kwa miezi hauwezi kuondoka na wewe ukaendelea kama aliyepitwa na daladala.

Nenda kwa familia ile siku ya kawaida, wageni wakiwa wameshaondoka. Kaa na binti yake au dada yake, mzungumze habari za marehemu, hata mambo madogo, alivyopenda chai yake, alivyokuwa akikuita. Wao nao wana maswali juu ya siku zile ambayo ni wewe tu unayeweza kuyajibu. Kulia hapo ni ruhusa.

Kushtuka usiku baada ya msiba huwapata wengi na hupungua taratibu. Kama miezi miwili ikipita hupati usingizi, huli, au unaona heri usingekuwepo, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo ulivyoniandikia. Hilo la mwisho likikujia hata leo, nenda leo.

Na mgonjwa mpya mwambie kiongozi wako hapana, kwa sasa. Ukishindwa kuanza, mpe ukurasa huu asome. Ukimwambia kabla ya Ijumaa atapata muda wa kumpanga mwenzako, na mgonjwa hatakaa bila mtu.