Maswali yenu: uzazi, meno, na barua isiyo na muhuri

Barua za afya zimekuwa nyingi mwezi huu, na karibu zote zina kasoro moja: hazisemi ni siku gani, aliulizwa nani, wala alijibu nini. Tafadhali mkiniandikia, semeni.

*Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi minane. Nataka ajifungulie hapa nyumbani, kwa mkunga aliyenizalisha mimi. Tumeambiwa tutashtakiwa. Ni kweli?* (Mama, Kizingitini)

Si kweli, mama. Hakuna sheria Kenya inayomtia mwanamke hatiani kwa kuzaa nyumbani, na mtumishi wa umma hafai kutoa vitisho pale anapotakiwa kutoa maelezo.

Lakini nisikilize kama mwanao. Kinachoua wanawake wanaojifungua zaidi ni damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa. Nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji, tayari ni hatari, na nyumbani haionekani. Kanga moja ikilowa hukunjwa, ikawekwa ya pili, nayo ikakunjwa, na hakuna aliyehesabu. Mkunga wako namheshimu, mikono yake ina kazi ya miaka mingi, ila hana sindano ya kukaza kizazi wala damu ya kuongeza. Na hatari ikija saa nane za usiku, maji yamekupwa, ni nani atakayeipitisha boti kwenye mkondo wa Mkanda?

Kama mke wa mwanao alipata kuzaa kwa upasuaji, ana presha, ana mapacha au mtoto amekaa vibaya, hapo hapana mjadala. Ahamie kwa jamaa aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla ya siku zake. Asiye na hayo naye ajifungulie kituoni, na mkunga wenu afuatane naye amshike mkono. Ikitokea amezaa nyumbani, kaandikisheni mtoto kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kupita. Msingoje siku ya kuanza shule ndipo muhangaikie cheti.

Na wale wanaowalaumu wanawake wa Kiboni, jamii ya msitu wa Lamu, kwa kuzaa msituni, wakumbuke kwamba zahanati za wadi ya Basuba zilikaa miaka zimefungwa kwa sababu za usalama. Mwanamke aliyefungiwa mlango haulizwi kwa nini hakuingia.

*Linda Mama bado ipo?* (Wengi)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. NHIF, ile bima ya afya ya zamani, haipo tena. Tangu 1 Oktoba 2024 tuko SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, na Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bila malipo, sasa inaitwa Linda Jamii. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Jisajili na ulipe ukiwa na mimba changa, usingoje uchungu ukushike ndipo utafute kitambulisho.

*Boti ya wagonjwa ikikosa mafuta, ni kazi ya kaunti au ya Nairobi?* (Kijana, Siyu)

Ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeitaja huduma ya ambulensi waziwazi katika kazi za kaunti, pamoja na vituo vya afya vya kaunti. Nairobi imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Na Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikubagua anayeishi kisiwani. Kwa hivyo ukiambiwa "hilo ni la juu", omba jibu hilo kwa maandishi.

Mafuta ni fungu la bajeti. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kabla ya hapo ndipo pa kumuuliza mwakilishi wadi: ni lita ngapi, na zimewekwa fungu gani? Inaniuma kuona mkutano wa siasa umefurika mpaka barazani, na wa bajeti una viti vitupu.

Anayedhani kudai ni kupoteza wakati asome kesi ya Bungoma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru mama aliyezalia sakafuni hospitalini, na kupigwa na wauguzi, alipwe shilingi milioni 2.5. Jaji hakuishia kwa wauguzi. Alisema serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, zilishindwa kutenga rasilimali za kutosha na kusimamia huduma.

*Binti yangu ana miaka 12, meno ya juu yamepishana na kuchomoza. Tumeambiwa nyaya za kunyoosha meno hazipo, twende Mombasa. Watoto wa dada yangu huko Uingereza wamewekewa bure. Sisi mbona hapana?* (Baba, Langoni)

Uingereza nayo haimwekei kila mtoto. Walio chini ya miaka 18 hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5 za uhitaji wa matibabu. Wa 4 na wa 5 hutibiwa bure, wa 3 ni baadhi tu, waliobaki wazazi hujilipia, na foleni ni ndefu. Lakini kanuni yao imeandikwa. Mzazi huishika mkononi akabishana nayo. Wewe umeambiwa "hazipo" dirishani ukarudi nyumbani na neno hilo moja. Nani alilisema? Ulipewa barua ya rufaa?

Nyaya si urembo. Meno yaliyochomoza huvunjika haraka mtoto akianguka, na aliyezaliwa na mdomo uliopasuka huzihitaji ili atafune sawasawa. Matibabu huchukua kama miezi 18 hadi 24, na daktari humwona mtoto kila wiki 4 hadi 8. Piga hesabu: boti mpaka Mokowe, basi, malazi, siku za shule, mara kumi na zaidi. Hata zingekuwa bure ungeshindwa. Ombeni kaunti imlete mtaalamu Lamu kila miezi miwili. Nauli ya daktari mmoja ni nafuu kuliko ya watoto ishirini na wazazi wao.

Na msikimbilie kung'oa magego ya utotoni. Hayo hushika nafasi ya meno ya ukubwani mpaka miaka 10 au 12. Yakitoka mapema, ya jirani husogea na mpishano huanzia hapo.

*Kuna kijana hufunga nyaya sebuleni kwake kwa bei ndogo. Ni salama?* (Msomaji, Malindi)

Hapana. Jino husogezwa ndani ya mfupa, na nguvu ya kubahatisha hulilegeza mpaka likatoka. Tafuta jina lake katika rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, wa meno wakiwemo. Asipokuwemo, ondoka.

*Tumelalamika kwenye kundi la WhatsApp mwaka mzima. Hatujibiwi.* (Wazazi, Mpeketoni)

Kundi la WhatsApp halina wajibu wa kuwajibu. Ofisi ya umma inao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 za kujibu ombi la habari, na saa 48 ikiwa jambo lenyewe ni la uhai wa mtu. Ikinyamaza, ni kama imekataa, na mna siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Huulizwi sababu, na ombi halilipiwi. Pelekeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa tarehe, mrudi nayo.

*Niandike kwa Kiingereza?* (Bibi, Faza)

Kwa Kiswahili, bibi. Sheria hiyo imekiruhusu. Na kama huandiki, sema kwa mdomo. Afisa wa habari atakuandikia na kukupa nakala yako. Usitoke bila nakala.