Maswali na Majibu: Shule Kongwe za Tabora

Majengo ya zamani ya Tabora Boys walijenga Wajerumani? (Msomaji, Isevya)

Hapana. Boma ni lao, na reli waliifikisha hapa mwaka 1912, basi kila ukuta mnene mjini watu huuhesabu wa Mjerumani. Lakini Wabelgiji waliwatoa Tabora Septemba 1916. Baada yao mji ukawa chini ya Mwingereza, na shule ni ya enzi zake, miaka ya 1920.

Ni kweli ilikuwa ya watoto wa machifu tu? (Msomaji, Nzega)

Mwanzoni ndilo lililokuwa lengo. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitawala kupitia machifu, hivyo serikali ilitaka warithi wanaojua kusoma, kutunza hesabu na kuzungumza na bwana shauri, yaani afisa wa kikoloni wa wilaya. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa Mtemi wa Unyanyembe, alisoma hapo. Baadaye mlango ukapanuka: Rashidi Kawawa hakuwa mtoto wa chifu, naye alisoma hapo. Ndiyo maana sipendi shule hii iitwe ya machifu, ukaishia hapo.

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora au alifundisha? (Msomaji, Urambo)

Vyote viwili, ila si shule moja. Alitoka Mwisenge, Musoma, akaingia Tabora Boys mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mjini kufundisha St. Mary's, shule ya Wakatoliki.

Shule yetu ya msingi ina darasa la zamani, ukuta unamomonyoka chini. Kamati inataka kupiga plasta ya saruji. Tukubali? (Mzazi, Ng'ambo)

Msikubali bado, nawasihi. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa, na huhitaji kutoa unyevu nje. Saruji huufungia ndani. Misimu michache ya mvua ikipita, plasta hubanduka na tofali nyuma yake likawa vumbi. Anzeni na maji: je, mabati yanavuja, mtaro umeziba, udongo umepanda juu ya msingi? Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni jembe na siku moja ya nguvu za wazazi. Kisha kwangueni plasta ya zamani kidogo. Ikiwa laini, nyeupe, inakwaruzika kwa ukucha, huenda ni chokaa. Ikarabatiwe kwa chokaa na mchanga, na rangi ya mafuta msiiguse. Kabla fundi hajaanza, pigeni picha kila upande, na tafuteni mwaka uliochongwa juu ya mlango au kwenye jiwe la msingi. Ukishafunikwa na plasta, nani ataupata tena? Wazee waliosoma humo waulizwe sasa, majina ya walimu wao yaandikwe kwenye daftari la shule.