Isome spektra kwa macho yako kabla ya kuiuliza programu

Spektra (nuru iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ya supanova, yaani nyota iliyolipuka, ikishafika kutoka kwenye darubini, mkono huwasha kuiingiza mara moja kwenye programu ya ulinganishaji kama SNID na kungoja jibu la aina yake. Nakusihi, ngoja kidogo. Ichore, iangalie, andika unachokiona, ndipo uiendee mashine. Programu hizi hulinganisha spektra yako na za supanova zilizokwisha kutambuliwa, kisha hukuletea iliyo karibu zaidi. Inaweza kukupa jina la aina fulani hata pale ulichokipata si supanova kabisa.

Swali la kuanzia ni lile lile la mwaka 1941, mwanaastronomia Rudolph Minkowski alipozigawa supanova mafungu mawili: kuna hidrojeni au hakuna? Ikiwapo ni Aina ya II, isipokuwapo ni Aina ya I. Kwa hiyo tafuta H-alfa, mstari wa hidrojeni ambao gesi ikiwa imetulia hukaa kwenye angstromu 6563 (angstromu ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya nuru). Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Gesi ya mlipuko hukimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, hivyo mistari yake huwa mipana kama vilima. Ukiona H-alfa nyembamba, iliyochongoka, yenye nitrojeni ubavuni kwenye 6583, mara nyingi hiyo ni gesi ya galaksi mwenyeji iliyoingia mwanyani, yaani kwenye ufa mwembamba wa kuingizia nuru kwenye kifaa, pamoja na nuru ya supanova.

Lakini ipo pia Aina ya IIn, ambayo mistari yake myembamba ni ya kweli, kwa kuwa mlipuko umeigonga gesi iliyotapakaa kuizunguka nyota. Utatofautishaje? Mimi hurudi kwenye picha ya kamera yenyewe, kabla spektra haijakusanywa kuwa mchoro mmoja. Mstari wa galaksi hunyooka kando ya mwanya, ukapita juu na chini ya ufito wa nuru ya supanova. Mstari wa supanova hukoma pale ufito unapokoma. Ni ukaguzi wa dakika chache, na nauamini kuliko alama yoyote ya programu.

Usiichukie hiyo nuru ya galaksi, kwani ndiyo inayokupa msogeo mwekundu, yaani kiasi ambacho mistari imesogea kuelekea nyekundu kwa kuwa galaksi inatukimbia. Ukishaujua, ufunge kwenye programu usichezecheze. Ukiuacha huru, programu itavuta spektra huku na huku hadi ipate inayolingana, na aina isiyo sahihi inaweza kuonekana nzuri kabisa.

Hakuna hidrojeni? Sasa tafuta silikoni. Katika Aina ya Ia, ambayo ni kulipuka kwa nyota kibete nyeupe, mstari wa silikoni wa 6355 huonekana kama shimo karibu na 6150, kwa sababu gesi inayofyonza nuru inatujia kwa kasi ya kilomita 10,000 hivi kwa sekunde. Usiridhike na shimo hilo peke yake. Upande wa buluu yake, kati ya 5300 na 5500, Ia iliyo karibu na kilele huonyesha mashimo mawili ya salfa yaliyopangana kama herufi W. Ukiyaona yote, umeipata. Mistari ya heliamu ikitawala ni Ib; silikoni na heliamu zote mbili zikikosekana, ni Ic.

Ic ndiyo inayonihangaisha kuliko zote. Karibu na kilele chake hufanana mno na Ia iliyokwisha kupita kilele kwa wiki kadhaa, na spektra yenye kelele nyingi haiwezi kuamua ugomvi huo. Usikazane kuikodolea macho; nenda kwenye vipimo vya mwangaza. Kitu ambacho bado kinazidi kung'aa hakiwezi kuwa Ia iliyozeeka. Tazama pia mwangaza halisi: Ia ya kawaida hufikia kama -19 kwenye kipimo cha wanaastronomia, ambacho namba ikizidi kushuka kitu huwa kinang'aa zaidi, na Ic nyingi hubaki hafifu kuliko hapo.

Umri una maana katika aina nyingine pia. SN 1993J ilionyesha hidrojeni mwanzoni, baadaye heliamu ikajitokeza, na ndiyo mfano maarufu wa IIb, aina inayobadilika hivyo. SN 2023ixf, aliyoigundua Koichi Itagaki kwenye galaksi ya M101 Mei 2023, ilikuwa na mistari myembamba ya gesi iliyokwisha kumwagwa na nyota kabla ya kulipuka, nayo ikatoweka baada ya siku chache. Basi ukikuta spektra changa, ya buluu, isiyo na alama za kutosha, omba nyingine baadaye.

Mambo matatu ya kazini. Mashimo ya 6870 na 7600 ni oksijeni ya angahewa letu, kwa hiyo piga spektra ya nyota sanifu, ambayo nuru yake inajulikana vizuri, usiku huo huo uyasahihishe. Na kitu kikiwa chini karibu na upeo, geuza mwanya ufuate pembe ya paralaktiki, yaani uelekee wima kutoka upeo kwenda juu, la sivyo utapoteza nuru ya buluu na umbo zima la spektra litakudanganya. Halafu, H-alfa ikikaa barabara kwenye 6563 bila msogeo wowote, shuku nyota ya galaksi yetu wenyewe iliyofurika nuru kwa muda.

Unapopeleka taarifa TNS, mfumo wa kimataifa wa kusajili supanova na vitu vingine vinavyotokea ghafla angani, taja msogeo mwekundu umeutoa wapi, kadiria umri, na pandisha spektra yenyewe ili wengine waikague. Ukiwa huna hakika kati ya Ia na Ic, mfumo unakubali uandike "SN I" tu, na mwenye darubini kubwa zaidi ataona kwamba kitu hicho bado kinahitaji kuangaliwa.